Sheria, Maadili na Kukomeshwa kwa Utumwa Zanzibar

Je, sheria ikishatungwa, mienendo ya watu hubadilika? Sheria ni amri ya dola, na aivunjaye huadhibiwa na mahakama. Maadili ni amri ya dhamiri na ya jamii, na ayavunjaye huadhibiwa na haya na lawama. Aghalabu viwili hivi hufuatana, lakini historia ya Zanzibar yatuonyesha kwamba vyaweza kuachana kwa miaka mingi.

Tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash bin Said, akishinikizwa na Uingereza, alikubali mkataba uliopiga marufuku kusafirisha watumwa baharini na kufunga masoko yao. Soko la Mkunazini, mjini Unguja, likafungwa, na mahali pake pakajengwa kanisa kuu la Kianglikana. Hata hivyo, biashara ndiyo iliyokatazwa. Kummiliki mtu kukabaki halali.

Miaka 24 ikapita. Tarehe 6 Aprili 1897, Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri kwamba mahakama zisitambue tena madai ya mtu kummiliki mwenziwe. Amri hiyo ilikuwa na mipaka yake. Mtumwa hakupata uhuru papo hapo, bali alipaswa kwenda mwenyewe kuuomba. Akiupata, alitakiwa aonyeshe makazi na njia ya kujipatia riziki, la sivyo angehesabiwa mzururaji. Fidia nayo ilimwendea bwana, si yule aliyefanya kazi bila ujira. Masuria hawakuingizwa katika sheria hiyo hadi mwaka 1909.

Basi si ajabu kwamba wengi hawakwenda kuomba. Mashamba ya mikarafuu yalikuwa ya mabwana, na aliyeondoka alihatarisha kibanda chake na kipande cha ardhi alichokilima.

Na maadili yalisema nini? Kumwacha mtumwa huru kulihesabiwa kuwa tendo jema lenye thawabu, na kumtesa kulilaumiwa. Lakini wema huo ulikuwa hisani ya bwana, haukuwa haki ya mtumwa. Bwana aliyesifiwa kwa upole aliweza kulala usingizi mnono hali anammiliki binadamu mwenziwe. Hapo ndipo sheria ilipohitajika, ili hisani igeuke kuwa haki.

Lakini sheria nayo haikuweza kuamuru heshima. Siti binti Saad alizaliwa Fumba yapata mwaka 1880, na wazazi wake walitoka katika utumwa. Alihamia mjini mwaka 1911, akawa mwimbaji mashuhuri wa taarabu, na mwaka 1928 sauti yake ilirekodiwa Bombay. Baadaye Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Hata hivyo, walikuwapo waliomkejeli kwa asili yake. Kwa mujibu wa sheria, hakuwa mtumwa wa mtu. Katika ndimi za watu, doa lilikuwa halijafutika. Wanawake wengi walioachwa huru waliitupa kaniki, vazi lililowatambulisha kuwa watumwa, wakajifunga kanga. Hapakuwa na sheria iliyowaagiza kufanya hivyo. Walijitwalia heshima yao wenyewe.

Lugha yetu ingali inabeba alama za zama hizo. Neno mtumwa latokana na kitenzi kutuma: ni yule atumwaye na mwingine. Hadi leo twasema, "Mwacha asili ni mtumwa," bila kukumbuka kwamba wapo waliopokonywa asili yao kwa nguvu, hawakuiacha kwa hiari.

Funzo ni hili. Maadili bila sheria humwachia mnyonge kuitegemea huruma ya mwenye nguvu. Sheria bila maadili hufungua mlango wa mahakama, lakini haifungui moyo wa jirani. Raia mwema hatosheki kuuliza, "Je, sheria yaniruhusu?" Huuliza pia, "Je, yule ninayemtendea ananionaje?"