Bahasha ya 17

Juu ya bahasha ya 17 nilikuwa nimeandika tarehe na neno moja: Bondwa. Basi. Ndani kulikuwa na kuvumwani iliyokauka, kila mmea haufiki sentimita mbili. Msimamizi wangu aliigeuza bahasha, akaniuliza, "Uliitoa kwenye udongo, jiwe au gome?" Sikukumbuka. Akanirudishia bila neno jingine.

(Kuvumwani ni jina lililoungwa kwa kuvu na mwani, na mmea huu si kuvu wala si mwani. Ninalitumia kwa kukosa lililo bora.)

Jenasi haikunisumbua. Majani yake yamepangwa safu mbili, huku na huku, kama unyoya, na kila jani lina kimfuko chini kinachokumbatia shina. Ukikiona kimfuko hicho kwenye lenzi, una Fissidens mkononi. Jina alilipitisha Johann Hedwig, daktari na mwanabotania wa Leipzig, na yeye hakuangalia majani. Aliangalia mdomo wa kapsuli ya spora, akakuta meno madogo yaliyopasuka mawili mawili, na Kilatini chake kinasema hivyo hivyo. Kitabu chake kilitoka mwaka 1801, yeye akiwa ameshafariki, na karibu majina yote ya kuvumwani huhesabiwa kuanzia hapo.

Tabu ilikuwa spishi. Fissidens wako zaidi ya 400, na ukikwama unahitaji sampuli za zamani za kulinganisha. Za Uluguru zilianza kuondoka mapema: Franz Stuhlmann alikusanya mimea huku mwaka 1894. Bahasha za koloni zilikwenda Berlin, na kuvumwani nyingi zikapitia mikononi mwa Viktor Ferdinand Brotherus, mwalimu wa shule mjini Helsinki, aliyezipa majina nyakati ambazo wenzake, nadhani, walikuwa wakipumzika. Machi 1943 mabomu yaliunguza hifadhi ya mimea ya Berlin-Dahlem. Mkusanyiko wa Brotherus uko Helsinki hadi leo, kwa hiyo kuna mimea ya milima yetu ambayo ushahidi wake ni kile mwalimu yule alichojiwekea.

Nilitazama picha za lebo za enzi hizo kwenye kompyuta. Jina la Mzungu, namba, jina la mlima. Aliyebeba mzigo hayupo. Jiwe halipo, kijito hakipo. Nilianza kuwasema vibaya, kisha nikaiona bahasha yangu pembeni ya kibodi.

Jumamosi nikapanda tena njia ya Morningside, nikipishana na kina mama wanaoteremsha mboga sokoni Morogoro. Kwenye kijito nilichodhani ndicho, ukingo ulikuwa umechongwa kwa jembe na kabeji zimeshika. Mzee mmoja alikuwa akimwagilia.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umepoteza nini, mjukuu wangu?"

Nikamwonyesha. Aliishika karibu na jicho, akacheka kidogo. "Hii ilikuwa hapa. Panda juu, palipo na giza. Inataka kulowa, haitaki kuzama."

Dakika ishirini juu zaidi niliikuta, kwenye udongo mwembamba uliolala juu ya jiwe, mahali rashasha za maji zinapofika lakini mkondo haufiki. Nilichukua kibonge kidogo tu.

Jioni, mezani, ilipoanza kukauka, majani yalijikunja kwa ndani kuanzia nchani, kama feni changa isiyofunguka bado. Nililowesha moja, nikaliweka chini ya hadubini. Kingo zake hazikuwa na ule utepe wa seli ndefu ambao spishi nyingi za jenasi hii zinao. Fissidens asplenioides: inayofanana na Asplenium, aina ya feni. Mmea uliobeba jina hili kwanza ulitoka Jamaica, kwa mkono wa Msweden Olof Swartz, zaidi ya miaka mia moja kabla ya Stuhlmann kuuona Uluguru. Nilikuwa nimejiandaa kwa jina la hapa hapa, nikiri hivyo, na kwa dakika chache nilihisi kama nimenyang'anywa kitu.

Kisha nikaandika lebo, safari hii kwa herufi ndogo ili yote yaenee: udongo mwembamba juu ya jiwe, ukingo wa kijito, kivuli kizito, rashasha, ukingo wa chini umelimwa, kabeji. Namba 18.

Ya 17 inafanana nayo kwa kila kitu nilichoweza kupima. Nimeiacha kama ilivyo.