Nachingwea, Ruangwa na Magari ya Umeme

Waandikao habari za magari ya umeme huanza kwa kawaida Ulaya, na si kosa, maana huko ndiko yalikozaliwa. Mwaka 1899 Mbelgiji Camille Jenatzy aliendesha motakaa ya umeme kwa mwendo uliopita kilomita 100 kwa saa, jambo ambalo motakaa ya petroli ilikuwa haijaliweza bado. Walakini betri za risasi zilikuwa nzito na kuishiwa nguvu upesi, petroli ikashinda. Mambo yakageuka ilipopatikana betri ya lithiamu, iliyoanza kuuzwa mwaka 1991. Ncha yake hasi hufanyizwa kwa madini ya kinywe, na ncha chanya, katika betri nyingi za motakaa, huwa na nikeli. Kinywe yamelala katika ardhi ya Ruangwa. Nikeli imo katika kilima cha Ntaka, Nachingwea.

Nchi hiyo ilikwisha kuahidiwa utajiri mara moja. Mwaka 1947 Waingereza walianza Mpango wa Karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Wakang'oa misitu kwa matrekta, na hata kwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta, kabla ya kupima vema mvua na udongo. Ili karanga zifike pwani, reli ilitandikwa na bandari ya kina kirefu ikajengwa Mtwara. Mpango ukaachwa Januari 1951, ukiwa umekula paundi milioni 36 hivi. Ajabu ni kwamba ujenzi wa bandari ulimalizika mwaka 1954, wakati hapakuwa tena na karanga za kuingojea. Reli ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na vyuma vyake vikang'olewa.

Safari hii mwamba umetobolewa na kupimwa, wala hapana shaka kwamba madini yamo. Mashaka yako penginepo. Kinywe kitokacho mgodini si betri bado: sharti kiviringishwe kuwa chembe ndogo mno na kisafishwe hata kifikie asilimia 99.95, na kazi hiyo, yenye faida kubwa kuliko kuchimba, karibu yote hufanywa China. Mgodi wa Lindi Jumbo, huko Ruangwa, ulianza kutoa kinywe mwaka 2024. Bandari kubwa iliyo karibu nao ni Mtwara ileile ya karanga, na malori yaendayo huko hunywa dizeli.

Habari ya Ntaka ni chungu zaidi. Leseni ilifutwa baada ya sheria kubadilishwa, wawekezaji wakashtaki, na mwaka 2023 baraza la usuluhishi la kimataifa likawapa zaidi ya dola milioni 109. Mwaka 2024 Serikali ilikubaliana nao kulipa dola milioni 90, kabla ya nikeli yoyote kuuzwa kutoka kilima hicho.

Mwaka huohuo, mwezi wa Juni, gari la moshi lisilo na moshi lilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro. Kwa upande wa kusini, reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay imo katika mipango ya Serikali.