Reale ya 1780 na Uzito wake kama Ushahidi wa Kihistoria Misungwi

Sarafu ya fedha yenye sura ya Maria Theresa na tarakimu 1780 haiwezi, kwa tarakimu hizo pekee, kumweleza mtafiti ni lini ilifika kusini mwa Ziwa Viktoria. Mtawala huyo wa Austria alifariki mwaka 1780, lakini sarafu yake iliendelea kupigwa kwa tarehe ileile, kwa kuwa wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu walizoea chapa hiyo na kuishuku nyingine. Unguja iliitwa reale, ikahesabiwa kwayo bei ya pembe za ndovu. Huku Usukuma misafara ililipa zaidi kwa nguo, shanga na nyaya.

Mwaka 1935 Austria iliikabidhi Italia mihuri ya kupigia reale, iliyohitajika kwa vita vya Uhabeshi. Uingereza ikachonga mihuri yake, ikaanza kupiga London mwaka 1936 na baadaye Bombay. Vienna inaipiga hadi leo, sasa zaidi kwa wakusanyaji.

Basi reale ikionekana Misungwi, iwe chunguni au kwa sonara, gramu zake 28 hazithibitishi lolote. Huchunguzwa lulu za bizimu begani na manyoya ya mkia wa tai, ambayo hutofautiana kwa kila kiwanda. Mkusanyaji aisuguaye ing'are hufuta alama hizohizo.

Rupia 15 ya dhahabu, iliyopigwa na Wajerumani Tabora mwaka 1916 kwa dhahabu ya Sekenke, ina tarehe ya kweli.