Utafiti wa Kisumu na uzito wa neno ‘kinga’

Huku Kisumu, hususan katika fuo za wavuvi kama Dunga, ipo kauli iliyozoeleka: “Si utafiti ulisema tohara ni kinga ya Ukimwi?” Ninashikilia kwamba utafiti wenyewe ulikuwa thabiti. Kilicholegea ni neno.

Turudi nyuma kidogo. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980, wataalamu walikuwa wameona kwamba jamii nyingi zinazotahiri zilikuwa na maambukizi machache. Ushahidi huo ulikuwa dhaifu. Jamii hutofautiana kwa dini, unywaji pombe, uhamaji na umri wa kuoa. Nani angejua kama sababu ni tohara au ni hayo mengine?

Ndipo jaribio likaanza Kisumu mwaka wa 2002. Wanaume 2,784 wa umri wa miaka 18 hadi 24, wasiokuwa na virusi, walijitolea. Waligawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja likatahiriwa mara moja, jingine likasubiri. Wote walipewa ushauri na kondomu. Bahati nasibu haimjui mlevi wala mcha Mungu. Iliwatawanya pande zote mbili, hivyo makundi yakalingana. Katika miaka miwili ya kufuatiliwa, 22 waliambukizwa katika kundi la tohara, na 47 katika kundi lililosubiri. Desemba 2006 jaribio lilisitishwa mapema, maana haikuwa haki kuendelea kuwasubirisha wengine. Majaribio ya Orange Farm, Afrika Kusini, na Rakai, Uganda, yalitoa picha iyo hiyo.

Sasa tazama: 22 si sufuri. Watafiti walisema tohara ‘hupunguza hatari’ kwa takriban nusu. Mitaani ikawa ‘kinga’, na kinga kwa Mswahili ni kitu kinachozuia. Isitoshe, jaribio lilipima mwanamume anayeambukizwa na mwanamke. Halikumwahidi mwanamke usalama wowote. Mwanamume akisikia ‘kinga’ kisha atupe kondomu, atakayelipia kosa hilo la msamiati ni yeye na mwenzake.

Kwa hivyo, msomaji, ukiambiwa “utafiti umeonyesha”, wacha kuitikia tu. Uliza: Walilinganishwa na nani? Waligawanywaje? Walikuwa wangapi? Matokeo yamerudiwa kwingine? Nasi waandishi na wafasiri tujiulize swali la tano: neno tulilochagua linabeba kiasi kilichopimwa, au limezidisha?