Kioo Kilipokwama Juu, Ujiji

Kawaida kamera yangu hutoa sauti mbili zilizoshikana: klik-klak. Jioni ile Ujiji ilitoa moja tu. Klik! Halafu kimya, na kwenye kitundu cha kuchungulia, giza totoro.

Mbele yangu alikuwa ameketi mzee mmoja kwenye kigoda, kanzu imepigwa pasi, kofia imekaa sawasawa. Alikuwa na jioni hiyo moja tu. Alfajiri binti yake angempandisha basi kwenda kuishi naye Dodoma, na mabegi yalishapangwa mlangoni. Nilikuwa nimetoka Dar es Salaam kwa ajili yake, kwa sababu ujanani alifanya kazi kwenye chumba cha injini cha meli ya Liemba, enzi ikienda kwa mvuke. Watu wa aina yake wamebaki wachache sana.

"Imekufa?" akauliza.

"Imekwama, mzee wangu."

"Basi usiilazimishe."

Niseme kwanza kilichokwama ni nini. Kamera yangu ni ya kidijitali, lakini ni ya kizamani, ile yenye kioo ndani. Kioo hicho hulala mshazari nyuma ya lenzi, kikipokea mwanga na kuurusha juu hadi kwenye jicho lako. Ukibonyeza, kioo huruka juu kupisha mwanga uende kwenye sensa, shata hufunguka na kufunga, kisha kioo hushuka. Yote hayo kufumba na kufumbua. Maana yake, mpiga picha wa kamera ya kioo huona kabla na huona baada. Nukta ile yenyewe ya picha haioni. Kamera humfumba jicho.

Na kumbe zamani giza hilo halikuwa ugonjwa. Mwingereza Thomas Sutton aliandikisha hataza ya kamera ya kioo mwaka 1861, na kwa miongo mingi baadaye kamera nyingi za namna hiyo zilibaki gizani kila baada ya picha. Kine Exakta ya Ujerumani, iliyotoka mwaka 1936 na kupendwa kweli kweli, ilikuwa hivyo: piga, giza, vuta filamu, ndipo kioo kishuke uone tena. Kioo kinachorudi chenyewe papo hapo kilianza kuzoeleka baada ya Wajapani kutoa Asahiflex IIb mwaka 1954. Yaani mimi nilikuwa nalalamikia jambo ambalo babu zetu wa fani hii waliishi nalo.

Lakini wao walikuwa na mkono wa kuvuta filamu. Mimi nilikuwa na mota ndogo na gia za plastiki.

Nikaanza kukagua. Kwanza, je, niligusa kwa bahati mbaya ile amri ya kusafisha sensa, ambayo hunyanyua kioo makusudi? Hapana. Nikazima, nikawasha. Wapi. Nikatoa lenzi, maana wakati mwingine kosa liko kwenye lenzi na si kwenye kioo. Bado kiko juu. Nikachungulia kama kuna mchanga; siku nzima nilikuwa ufukweni kwenye vichanja vya dagaa, na mchanga wa ziwani hauhitaji mwaliko. Sikuona kitu. Kidole kilitamani kukisukuma kioo kishuke. Nikajizuia. Uso wa kioo kile umepakwa utando wa kuakisi kwa mbele, ukiugusa umeuchafua, na ukitumia nguvu unavunja jino la gia.

Ikabaki betri. Alama yake ilikuwa imebaki kijistari kimoja. Betri dhaifu inaweza kuwa na nguvu ya kunyanyua kioo ikakosa ya kukamilisha mzunguko, na kamera ikabaki katikati ya safari. Ya akiba nilikuwa nayo, tupu kabisa. Aibu yangu hiyo, simsingizii mtu.

Nikapanda bodaboda hadi Mwanga, kwa fundi simu mmoja kijana. "Kaka, weka hapa, nipe saa moja," akasema, akachomeka chaja yangu kando ya simu kumi na kitu. Wakati betri inajaa akafuta vile vishaba vya lenzi na vya betri kwa kitambaa kikavu, polepole, kama anamfuta mtoto uso.

Nikiwa pale kwenye benchi nikawaza mkutano ulioifanya Ujiji ijulikane duniani. Henry Morton Stanley aliandika kwamba alimkuta David Livingstone hapa tarehe 10 Novemba 1871. Daftari la Livingstone linaangukia Oktoba. Hata siku yenyewe imefumbwa. Na picha ya kamera ya tukio hilo haipo. Ule mchoro tunaoujua sote, wazungu wawili wakivuliana kofia katikati ya umati, ulichorwa baadaye kwa ajili ya kitabu. Mwaka 1872 Stanley alipiga picha studio jijini London akiwa na mavazi ya safari na kijana Kalulu pembeni, na pazia la kuchora likiwa pori.

Waliokuwapo kweli, akina Susi na Chuma, wachuuzi wa sokoni, wanawake waliotoka nje kusikia bunduki za kushangilia, waliona kwa macho yao. Hao hakuna aliyewauliza mchoro uweje.

Saa moja ikaisha. Nikarudisha betri, nikawasha. Klak! Sauti ya pili ilikuja na saa moja na nusu ya kuchelewa. Nilimkumbatia fundi wa watu.

Uzuri wa Kigoma, jua huzama kwa kuchelewa zaidi ya nusu saa ukilinganisha na Dar. Nilimkuta mzee bado kigodani. Nikamweleza habari ya betri na gia, akatikisa kichwa kama daktari anayesikia dalili anazozijua. Kisha akanisimulia meli yake.

Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikiitwa Graf von Götzen. Ikafunguliwa vipande, ikatiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kuletwa Kigoma kwa reli. Ikaunganishwa upya na kushushwa majini Februari 1915. Tarehe 26 Julai 1916, vita vilipowaelemea, Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na mdomo wa Mto Malagarasi. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, jina la kale la ziwa hili upande wa kusini. Injini za mvuke zilikuwa nzima. Kabla ya kuizamisha, mafundi walikuwa wamezipaka grisi nene.

"Aliyepaka grisi," mzee akasema, "hakuwa anazika. Alikuwa anaweka akiba."

Mvuke uliondolewa miaka ya 1970, ikaja dizeli. Yeye aliukuta mwishoni. Akanionyesha viganja, vyenye makovu madogo ya moto. Nikawaza mikono ile ya mwaka 1916, ikipaka grisi kule chini kwenye chumba cha injini. Tunaijua kwa jambo moja tu: miaka mingi baadaye injini ziliwaka.

Nikampiga picha nne. Uso, viganja, mlango wenye mabegi, uso tena. Kabla ya ya tano mjukuu wake akapita akiwa amevaa kofia ya babu, imemfunika hadi puani. Nikabonyeza. Klik! Giza.

Sikuhangaika nayo tena. Gia zimechoka, betri haikuwa kosa lote. Nikaiweka chini, nikamsikiliza mzee kwa masikio mpaka adhana ya magharibi.

Usiku, gesti, nikaingiza kadi kwenye kompyuta. Picha ya tano ilikuwapo. Mzee amecheka kichwa kikiwa nyuma, macho yamefumba, mkono wenye makovu umenyooka kuidaka kofia. Ndiyo bora kuliko zote, na mimi niliyeipiga sikuiona ikitokea. Saa kumi na moja alfajiri nilikwenda stendi nikiwa nimeibeba kwenye simu ili nimwonyeshe. Aliitazama muda mrefu, akaisogeza karibu na jicho lake zima.

"Marehemu mama yao angecheka," akasema. Kisha kondakta akaita.