Nyasi za Dodoma Zilizovuka Bahari

Mwaka 1937 mbegu za nyasi zilichukuliwa Dodoma na kupelekwa Australia. Wataalamu huziita Cenchrus ciliaris. Huota zenyewe katika mbuga za Ugogo, nchi ya Wagogo inayoizunguka Dodoma, kama zinavyoota katika sehemu nyingi kame za Afrika na Asia. Watafiti wa jimbo la Queensland walizipanda, wakazilinganisha na nyingine za jamii hiyohiyo, na katika miaka ya 1950 wakawapa wafugaji aina mpya iliyoitwa Biloela, kwa jina la mji wenye kituo chao cha majaribio. Historia ya mbegu hizo, pamoja na ile ya uwanda zilikotoka, inatufundisha kwamba mmea bora hauwezi kutajwa bila kutaja ardhi utakakopandwa.

Uwanda wa kati wa Tanzania ni mwalimu mkali. Dodoma hupata mvua ya milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, nayo hunyesha kati ya Desemba na Aprili, mara nyingine kwa vishindo vya siku chache. Miezi inayobaki ni jua na vumbi. Wagogo walijibu hali hiyo kwa kulima uwele na mtama, kufuga ng'ombe, na kuchagua mbegu kila mavuno kutoka masuke yaliyostahimili. Makosa katika uchaguzi huo yaliweza kugharimu maisha ya watu, na kumbukumbu ya njaa ya Mtunya, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, bado inasimuliwa.

Sayansi ya vipimo ilipata makao Mpwapwa, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha mifugo mwanzoni mwa karne ya 20. Katika miaka ya 1930, chini ya utawala wa Waingereza, mtafiti wa malisho R. R. Staples alitenga hapo vishamba vya majaribio kwenye mteremko. Kimoja kiliachwa kitupu, kingine kikalimwa nafaka, kingine kikaachiwa nyasi, na kingine kichaka cha asili kisicholishwa mifugo. Matokeo yake yangali yanatajwa na wataalamu wa udongo duniani. Kwenye ardhi tupu, nusu ya maji ya mvua yalitiririka na kupotea, yakibeba takribani tani 146 za udongo kwa hekta kwa mwaka. Shamba la nafaka lilipoteza tani 78. Penye nyasi, maji yaliyopotea hayakufika asilimia 2, na udongo ulibaki mahali pake. Penye kichaka, hata nusu ya asilimia moja haikufika.

Miaka michache baadaye, Kongwa, jirani kabisa na Mpwapwa, paliamuliwa vingine. Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka Afrika Mashariki na Kati kwa wiki chache, sehemu kubwa kwa ndege, ukapendekeza kilimo cha karanga kwenye zaidi ya ekari milioni 3. Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa. Vichaka viling'olewa kwa matingatinga, na hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta vikaingizwa shambani. Mvua zilipokatika, udongo wa mfinyanzi ulikauka na kuwa mgumu hata karanga hazikuweza kung'olewa vizuri. Januari 1951 mradi ulifutwa, ukiwa umemeza takribani pauni milioni 36.

Karanga si zao baya, na wakulima wa uwanda huu wanazilima hadi leo. Kosa lilikuwa kuchagua zao kwa mahitaji ya meza za London, kisha kuitaka Kongwa ilitii. Ardhi ile ilipata nafuu iliporudishiwa nyasi na ng'ombe. Ikawa ranchi, na baadaye utafiti wa malisho ukashika mizizi hapo. Leo Kongwa hutoa mbegu na marobota ya nyasi zilezile za Cenchrus kwa wafugaji.

Ng'ambo, nyasi za Dodoma na ndugu zao zilifanya kazi ambayo zilichaguliwa kuifanya, kisha zikapita mpaka. Aina nyingi huzaa mbegu bila yai kurutubishwa, hivyo kila mche hufanana na mama yake, na sifa zilizochaguliwa hazipotei. Zilinenepesha ng'ombe na kushika udongo. Lakini pia ziliingia misitu ya Australia na jangwa la Sonora kule Arizona, zikakauka na kuleta mioto mikali ambayo mimea ya huko, kama mdungusi mkubwa wa saguaro, haikuzoea. Arizona iliziweka kwenye orodha ya magugu mwaka 2005, na Jimbo la Kaskazini la Australia likafanya hivyo mwaka 2024. Ukakamavu uliosifiwa kwenye ripoti za uteuzi ndio huohuo uliokuja kulaumiwa.

Nyumbani tuna somo la upande wa pili. Wilayani Kondoa mmomonyoko ulikuwa umechimba makorongo ya kutisha. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 serikali ikaondoa mifugo ipatayo 90,000 katika eneo la kilomita za mraba 1,256. Nyasi na vichaka vikarudi, kama vishamba vya Mpwapwa vilivyokuwa vimeonyesha. Gharama ilibebwa na wafugaji, waliohamisha mifugo yao au kuipoteza, na tusimulie mafanikio hayo bila kuwasahau.

Utafiti unaendelea. Aina za mtama za Hakika na Wahi, zilizotolewa mwaka 2002, zilichaguliwa kwa kustahimili kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya nafaka, na kituo cha Hombolo kinashughulikia mazao ya nchi kavu. Rekodi za Mpwapwa, Kongwa na Kondoa zinastahili kusomwa pamoja na vipimo vya mavuno vya leo, na wafugaji na wakulima waketi mezani kabla aina haijapitishwa, kwa kuwa wao ndio watakaoishi nayo mvua zikikatika.