Siku 180: Ukomo wa Madai ya Ubaguzi wa Kijinsia Kazini Nchini Marekani

Sura ya Saba ya Sheria ya Haki za Kiraia ya Marekani ya mwaka 1964 ilimkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya jinsia yake. Sheria hiyohiyo ilimwekea mlalamikaji ukomo: kwa kawaida alipaswa kufika mbele ya Tume ya Fursa Sawa za Ajira ndani ya siku 90. Muda huo ulikuwa mfupi mno, hasa kwa mtu ambaye bado anategemea mshahara wa mwajiri anayemshtaki. Mwaka 1972 Bunge liliuongeza hadi siku 180, au 300 katika majimbo yenye chombo chake cha kushughulikia ubaguzi.

Ubishi haukuisha, kwani kilichosumbua zaidi ni siku hizo zihesabiwe tangu lini. Mwaka 1968 mhudumu wa ndege wa United Air Lines alilazimika kuacha kazi kwa sababu ameolewa. Aliporejeshwa mwaka 1972 alihesabiwa kuwa mgeni, na miaka yake ya awali ya utumishi ikafutwa. Mwaka 1977 Mahakama ya Juu ilisema amechelewa: kosa lilitendeka 1968, na yaliyofuata ni matokeo yake tu. Wanawake wa AT&T Technologies walikwama hapohapo mwaka 1989. Walishushwa vyeo mwaka 1982, lakini mahakama ikaanza kuhesabu tangu 1979, utaratibu wa kuhesabu ukongwe kazini uliowaumiza ulipopitishwa. Bunge lilitengua msimamo huo mwaka 1991, ila kwa taratibu za aina hiyo peke yake.

Suala la mishahara likabaki wazi. Lilly Ledbetter alifanya kazi katika kiwanda cha matairi cha Goodyear mjini Gadsden, Alabama, kuanzia 1979 hadi 1998. Kuelekea mwisho wa utumishi wake alipata kikaratasi kisicho na jina kikionyesha malipo ya wenzake. Mwishoni mwa 1997 alikuwa akilipwa dola 3,727 kwa mwezi. Mwanamume wa chini kabisa katika cheo hichohicho alipata 4,286, na wa juu 5,236. Jopo la raia waliosikiliza shauri lilimpa zaidi ya dola milioni 3, ambazo jaji alizipunguza hadi 360,000 kwa kufuata kiwango cha juu cha kisheria.

Tarehe 29 Mei 2007 Mahakama ya Juu ilimnyima zote, kwa kura tano dhidi ya nne. Kwa walio wengi, siku 180 zilianza kila uamuzi wa mshahara ulipofanywa, hata kama mfanyakazi hakujua wenzake wanalipwa nini. Jaji Ruth Bader Ginsburg alisoma upinzani wake mahakamani kwa sauti: mishahara ni siri, na tofauti ndogo hujilimbikiza polepole kabla ya kuonekana. Hoja yake ndiyo iliyofanana na maisha ya kazini.

Tarehe 29 Januari 2009 Rais Barack Obama alitia saini sheria yenye jina la Ledbetter. Tangu hapo kila malipo yenye ubaguzi huanzisha hesabu upya, ingawa malimbikizo yanayodaiwa hayavuki miaka miwili nyuma. Ledbetter mwenyewe hakufaidika, kwa kuwa shauri lake lilikuwa limekwisha. Kwa anayefukuzwa kazi au kunyimwa cheo, siku 180 au 300 bado huanza pale anapoarifiwa uamuzi.